Jinsi ya kumpigia simu ndugu aliye Columbus au Phenix City bila kumkurupusha usingizini

Mpwa wangu anafanya kazi Columbus, jimbo la Georgia huko Marekani, na amepanga nyumba Phenix City, jimbo la Alabama. Katikati ni mto Chattahoochee tu. Ni kama upande pantoni Magogoni, ukishuka Kigamboni uambiwe huku saa ziko nyuma. Kisheria Georgia hufuata saa za Mashariki, Alabama saa za Kati, nyuma kwa saa moja.

Wenzangu hapa Kariakoo huhesabu vidole: toa nane, mara toa saba, kisha wageuze saa ya Kiswahili iwe ya Kizungu. Hapo ndipo wanapopotea. Njia fupi ni hii: chukua saa yako ya Kiswahili, toa mbili. Namba inayobaki ndiyo inayosomeka kwenye saa ya Columbus. Kwetu saa tatu usiku, kwao saa inaonyesha 1, mchana. Saa mbili usiku? Inabaki sifuri, yaani 12, jua la utosi. Saa moja usiku inarudi 11, bado asubuhi.

Hiyo ni wakati wa baridi yao. Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani husogeza saa mbele, sisi hatugusi kitu, basi toa moja tu mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Usidanganyike na hali ya hewa: kipupwe chetu ndilo joto lao.

Kwa Alabama toa tatu wakati wa baridi, mbili wakati wa joto. Lakini si Phenix City! Huko watu na maduka huishi kwa saa ya Columbus, kwa mazoea tu, maana kazi nyingi ziko ng'ambo. Hesabu ya Alabama mwekee aliyeko Auburn, mji mwingine wa Alabama. Hata simu huchanganyikiwa: ikinasa mnara wa upande wa pili wa mto, inaweza kujibadilisha saa yenyewe. Kwa hiyo mtu akikwambia "Mjomba, nipigie saa nne," muulize: ya Kiswahili au ya Kizungu, ya huku au ya huko, na ya upande gani wa mto.

Halafu uliza zamu. Wangu yuko zamu ya usiku, hivyo Januari nampigia saa tano usiku. Kwao ni 3 alasiri, ameshaamka. Ikifika kiangazi chao nampigia saa nne, nami nawahi kulala.