Namna ya kufuata mswada Bungeni Kenya na kupeleka maoni yako wakati bado yana kazi

Kila mwaka Juni ikifika mitandao inawaka moto juu ya Mswada wa Fedha, ule wa kodi wa kila mwaka, watu wanatafutana namba ya simu ya mheshimiwa, meseji zinamiminika, piga kura ya la piga kura ya la, na mimi roho huniuma kwa sababu nguvu hiyo yote ingetumika wiki kadhaa nyuma ingefanya kazi kubwa zaidi. Siku ya kura ya mwisho vyama vishakaa, viranja, wale wabunge wanaosimamia kura za chama, wameshahesabu watu wao, na mara nyingi matokeo yanajulikana kabla kengele haijalia. Maneno ya mswada hubadilishwa kwenye kamati, na kamati ina mlango ambao mwananchi yeyote anaweza kuingia. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimisha Bunge kushirikisha umma, kwa hivyo usiende pale kama mtu anayeomba msaada.

Kitu cha kwanza, jua mswada unapita wapi. Tuna Bunge la Taifa lenye wabunge 349 ukimwacha Spika, alafu kuna Seneti yenye maseneta 67. Mswada unaogusa kaunti unapita pande zote mbili, wasipoelewana inaundwa kamati ya upatanishi, lakini mswada wa fedha kama ule wa kodi ni wa Bunge la Taifa peke yake. Kwa hivyo ukimwandikia seneta wako barua ya kurasa tano kuhusu VAT (kodi ya ongezeko la thamani) umepoteza jioni yako bure, yeye hata kura hana hapo. Nani anaamua kama mswada unagusa kaunti? Maspika wawili, kwa pamoja. Na si jambo dogo hilo, mwaka 2020 Mahakama Kuu ilifuta sheria 23 kwa sababu zilipitishwa bila Seneti, ingawa Mahakama ya Rufaa baadaye ilibadilisha sehemu ya uamuzi huo.

Alafu pata mswada wenyewe, si picha ya ukurasa mmoja uliozungushiwa wino mwekundu kwenye WhatsApp. Miswada inachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na inawekwa kwenye tovuti ya Bunge, ni bure. Ukishaipata usianzie ukurasa wa kwanza, shuka mpaka mwisho kwenye maelezo ya malengo na sababu. Pale aliyeleta mswada anaeleza kwa lugha nyepesi anataka nini, na inabidi aseme kama unagusa kaunti, kama unahusu matumizi ya pesa za umma, kama unampa waziri mamlaka ya kutunga kanuni na kama unabana haki zozote. Ukisoma sehemu hiyo kwanza, vifungu vya juu vinaeleweka haraka sana.

Kwa kawaida mswada unakaa siku 14 tangu uchapishwe ndo usomwe mara ya kwanza, ila Bunge lenyewe linaweza kupitisha hoja ya kufupisha huo muda. Ukiona hoja hiyo kwenye orodha ya shughuli za siku, amka, kuna mtu ana haraka. Kusomwa mara ya kwanza kwenyewe hakuna mjadala, kinasomwa kichwa tu kisha mswada unatumwa kwa kamati inayohusika, kama ni afya uende Kamati ya Afya, kama ni kodi uende Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa. Kuanzia hapo chungulia magazeti na tovuti ya Bunge kila siku, manake tangazo la kuomba maoni huwa na tarehe ya mwisho na mara nyingi muda wenyewe ni mfupi ajabu.

Sasa memo yenyewe, yaani maoni yako ya maandishi kwa kamati, hapa ndo watu wengi wanaharibu. Wanaandika hasira, wananchi tumechoka, serikali haitujali, na pengine ni kweli kabisa lakini karani wa kamati ana kazi ya kujaza jedwali: kifungu gani, nani amesema nini, anapendekeza nini, kwa sababu gani. Maoni ambayo hayataji kifungu hayana safu ya kukaa. Kwa hivyo wewe mpelekee jedwali likiwa tayari. Tuseme kifungu cha 12 kinasema mwenye leseni atawasilisha ripoti kila mwezi na wewe una biashara ndogo, huna mhasibu. Andika hivi: kifungu cha 12, futa maneno "kila mwezi", weka "kila miezi mitatu". Sababu, biashara yenye mtu mmoja au wawili itafunga kazi siku nzima kila mwezi kujaza fomu ambayo wizara haijaeleza itaitumia vipi. Basi. Kifungu, maneno ya kufuta, maneno ya kuweka, sababu, nenda kifungu kingine. Kama una hesabu ya kweli kutoka kwenye daftari lako iweke, hiyo ina uzito kuliko kurasa kumi za malalamiko. Ielekeze kwa Karani wa Bunge, taja jina la mswada kamili na mwaka wake, weka jina lako au la kikundi chenu, na mwishoni omba kuitwa mbele ya kamati. Wakikuita nenda, hata kama ni dakika chache, kwa sababu mbunge akikuuliza swali na ukajibu, jibu hilo linabaki kwenye kumbukumbu.

Usifikirie uko peke yako mle ndani. Wizara imekuja na maafisa wake kutetea kila mstari, vyama vya wafanyabiashara vimeleta mawakili, vyama vya wafanyakazi, mashirika ya kiraia, magavana kama kaunti zimeguswa. Na juu ya wabunge kuna chama. Viongozi wa chama Bungeni, viranja wakiwemo, wana sauti kubwa juu ya nani akae kamati gani, na chama kinaweza kumwondoa mbunge kwenye kamati akileta ukaidi, kwa hivyo mheshimiwa anaweza kukubaliana na wewe kabisa kwenye korido alafu ukimwona siku ya kura amekaa upande mwingine. Ndo maana mimi nasema usimtegemee mbunge wako tu. Tafuta orodha ya wanachama wa kamati, wa serikali na wa upinzani, mpelekee kila mmoja kopi. Ukipata wawili kutoka pande tofauti wanaotaka mabadiliko yale yale, mwenyekiti anapata njia ya kuyakubali bila kuonekana amesalimu amri kwa mtu.

Kamati ikimaliza inatoa ripoti, isome, tafuta memo yako. Kamati inaweza kubadilisha vitu vikubwa ikibanwa mapema, tuliona 2024 pendekezo la VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ile kodi ya magari ya asilimia 2.5 vikiondolewa Juni 18, siku kadhaa kabla ya kura ya mwisho.

Baada ya ripoti kuna kusomwa mara ya pili, hapo ni hotuba, ni mswada kwa ujumla wake, sikiliza kama una muda. Usikose hatua inayofuata, Kamati ya Bunge Zima. Spika anaondoka kwenye kiti chake, rungu la Bunge linashushwa, na wabunge wanapita kifungu kimoja kimoja kila mtu na marekebisho yake. Ukumbi huwa na watu wachache wakati huo (akidi, yaani idadi ya chini ya kuendesha kikao, ni wabunge 50 tu) na kuna marekebisho yanaingia pale ambayo mwananchi hajawahi kuyaona. Fuatilia laivu huku umefungua mswada pembeni. Suala la vitu vipya kuingizwa baada ya maoni ya umma kufungwa lilikuwa moja ya sababu Mahakama ya Rufaa kuiangusha Sheria ya Fedha ya 2023 mnamo Julai 31, 2024, ingawa Mahakama ya Juu iliirudisha Oktoba 29 mwaka huo huo. Kwa hivyo tunza ushahidi, tangazo, memo yako, tarehe, kila kitu, kwa sababu kesi za namna hii zinashindaniwa kwa makaratasi.

Mswada ukisomwa mara ya tatu na ukapita unaenda kwa Rais, ana siku 14. Anaweza kutia saini, anaweza kuurudisha na kusema kipi kibadilishwe, na akinyamaza siku zikaisha mswada unahesabiwa umekubaliwa. Bunge likitaka kumpuuza linahitaji theluthi mbili ya wabunge. Mwaka 2024 wabunge walipitisha Mswada wa Fedha Juni 25 kwa kura 195 dhidi ya 106, siku ambayo waandamanaji waliingia Bungeni na vijana wetu wakauawa, na kesho yake Rais akakataa kutia saini, akaurudisha akitaka vifungu vyote vifutwe. Ile ilikuwa njia ya Katiba pia, lakini imelipiwa kwa damu, na mimi sitaki kabisa nchi hii izoee kusubiri mpaka hapo.

Sheria ikishatoka usifunge faili. Vitu vingi vinavyokuuma mfukoni, ada, fomu, faini ndogo ndogo, haviko kwenye sheria yenyewe, viko kwenye kanuni ambazo waziri anatunga baadaye. Kanuni hizo lazima zifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, na kuna kamati ya sheria ndogo inayoweza kupendekeza zifutwe. Wachache sana huwa wanaiandikia kamati hiyo. Tumia jedwali lile lile, badilisha jina la hati tu, na utaje sheria ambayo waziri anasema imempa mamlaka, kwa sababu mara nyingine ukiisoma unakuta haikumpa.