Somo: Namna ya kuimaliza 3001 pale inapokukatisha tamaa

Wanachama wenzangu wa Mtwara na Lindi, tangu nakala yangu ya riwaya 3001: The Final Odyssey ianze kupita mikononi mwenu, kila anayeirudisha huniuliza swali lile lile: nifanyeje nifike mwisho? Nimekwisha kulijibu sokoni na kwenye basi la Masasi, kwa hiyo naliandika hapa mara moja.

Hatua ya kwanza: soma kwanza 2001: A Space Odyssey, ya mwaka 1968.

Hatua ya pili: tenga saa moja ya asubuhi, kabla joto halijapanda.

Hatua ya tatu: jua unachokisoma. Arthur C. Clarke aliitoa riwaya hii mwaka 1997, akikaribia umri wa miaka 80. Anamrudisha Frank Poole, mwanaanga aliyeuawa na kompyuta HAL katika kitabu cha kwanza, ambaye anaokotwa angani akiwa ameganda, miaka elfu moja baadaye, na kufufuliwa. Mwanzo huo unaahidi makubwa, lakini kurasa nyingi zinazofuata ni za mgeni anayetembezwa mjini na kuonyeshwa lifti, mavazi, na kofia ya kuunganisha ubongo na mashine ambayo haivaliki mpaka kichwa kinyolewe. Ukisubiri tukio utachoka. Isome sehemu hiyo kama barua ya ndugu aliyeko ugenini.

Hatua ya nne: usiruke sura. Hapa ndipo nilipoharibu. Usiku mmoja umeme ulikatika nikiwa katikati ya kitabu, nami kwa uchovu nikarukia sura za mwisho kwa mwanga wa simu. Nikakuta lile bamba jeusi, chombo kilichowekwa na viumbe wa mbali kuwachunguza wanadamu, linashambuliwa kwa virusi vya kompyuta, nikaona mwandishi amekurupuka, na kwa miezi kadhaa nikawaambia watu kwamba mwisho huo hauna mizizi. Niliporudia ukurasa kwa ukurasa nikakuta mizizi ipo: bamba lilikuwa limekwisha kupeleka taarifa zetu kwa wakubwa wake, walio mbali mno kiasi kwamba jibu huchukua karne nyingi kurudi, na hukumu yao ilikuwa inakaribia kufika. Bado nauona mwisho huo kuwa dhaifu, na inaniuma, kwa sababu mwandishi huyu ndiye aliyenifundisha kutazama nyota. Lakini sasa nauhukumu kwa haki. Sura ni fupi, kwa hiyo ukichoka maliza uliyomo, kisha andika kwenye karatasi swali unalotaka lijibiwe. Langu lilikuwa: "Bamba linamtii nani?" Msiandike ndani ya nakala yangu.

Hatua ya tano: soma maelezo ya mwandishi yaliyo mwishoni, anapoeleza chimbuko la mawazo yake. Kwangu yana uhai kuliko sura kadhaa.

MASWALI

Mwanachama, Nachingwea: Naweza kuanza moja kwa moja na 3001?
Jibu: Soma hatua ya kwanza.

Mwanachama, Masasi: Nimeruka sura nne na mwisho sijauelewa. Kitabu ni kibaya.
Jibu: Ndugu, nimetumia aya nzima kukuonya. Sikusema kitabu ni kizuri. Nasema wewe hujakisoma. Rudi kwenye sura ya kwanza kati ya hizo nne.

Mwanachama, Mikindani: Shikamoo mwalimu. Ile minara minne mirefu ya kitabuni, inayotoka ardhini hadi angani, kwa nini ijengwe kwenye ikweta na si huku kwetu?
Jibu: Marahaba, mwanangu, umesoma kwa makini. Setelaiti iliyo juu ya ikweta, kwenye kimo cha kilomita 36,000 hivi, huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha, hivyo huonekana imetulia mahali pamoja, na ndiyo maana mnara unaweza kuinuka kutoka ardhini hadi kwake. Sisi tuko takribani nyuzi 10 kusini, na hakuna setelaiti inayoweza kutulia hivyo utosini mwetu. Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi aliwaza mnara wa namna hiyo mwaka 1895, na Clarke mwenyewe aliuandikia The Fountains of Paradise mwaka 1979, ambamo yupo mtu anayeuhangaikia ujenzi huo kwa moyo wake wote. Ninayo, pitia Ijumaa baada ya swala uichukue.

Mwanachama, Lindi: Mwalimu, nakala imepata unyevu na kurasa zimeshikana.
Jibu: Usizivute. Isimamishe kivulini penye upepo na uziachanishe kidogo kidogo kadiri zinavyokauka, kwa maana jua kali hukunja karatasi. Zilizogoma kabisa niletee zilivyo, nami nitakusimulia yaliyomo ili usiruke.