Krotoni ndani ya nyumba: namna ya kuitunza isimwage majani wala kupoteza rangi

Krotoni (Codiaeum variegatum) asili yake ni Indonesia, Malaysia, Australia na visiwa vya Pasifiki ya magharibi, na huko ni kichaka cha nje kinachozidi mita 2. Ikiingizwa sebuleni, mambo mawili huiharibu kuliko yote: giza na kuhamishwahamishwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mahali pa kuiweka, maji baadaye.

Hatua ya 1: Chagua mahali kabla mmea haujaingia ndani

Rangi ya krotoni inatokana na mwanga. Mwanga ukiwa hafifu, majani mapya hujaza klorofili ili yanase kile kidogo kinachopatikana, na kijani kinaimeza manjano na nyekundu. Utaona majani ya chini bado yana rangi, ya juu yamekuwa kijani kitupu. Lakini usikimbilie kulaumu dirisha: aina nyingi huchipua majani ya kijani au manjano, na wekundu huja jani linapokomaa. Subiri jani lifikie ukubwa wake ndipo uamue.

Kupima mwanga hakuhitaji kifaa. Mchana, weka karatasi nyeupe pale utakapoweka chungu, kisha nyoosha mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli kikionyesha vidole vyote waziwazi, panafaa. Kikiwa ukungu tu, sogea karibu na dirisha. Kwa kawaida inafaa isizidi mita 1 kutoka kwenye kioo, ipate jua la asubuhi kwa muda wa saa 2 hadi 4 kila siku. Jua kali la mchana linaweza kuunguza majani ambayo hayajalizoea na kuacha mabaka makavu ya kahawia, kwa hiyo ongeza muda wa jua kidogokidogo kwa wiki mbili. Kama dirisha halitoshi, taa ya mimea iliyo sentimita 30 juu ya ncha, ikiwashwa kwa muda wa saa 12 kila siku, inafanya kazi vizuri.

Hatua ya 2: Ikifika, iache

Iweke mahali pake na usiisogeze kwa wiki tatu. Usibadilishe chungu, usitie mbolea. Majani kadhaa ya chini yataanguka. Ni mshtuko wa mabadiliko ya mwanga na hewa. Kosa la kawaida huanzia hapa: mwenye mmea anaona majani chini, anaongeza maji, kesho yake anausogeza chumba kingine, na mmea unashtuka upya huku mizizi ikioza.

Hata ikibaki fimbo tupu, kwangua gamba la shina kwa ukucha, alama ndogo tu. Chini yake pakiwa kijani chenye unyevu, iko hai na itachipua. Pakiwa kahawia na pakavu, shuka chini kidogo ujaribu tena.

Hatua ya 3: Mwagilia kwa kidole, si kwa kalenda

Chomeka kidole sentimita 3 kwenye udongo. Pakiwa pakavu, mwaga maji ya vuguvugu la chumba mpaka yatoke kwenye matundu ya chini, na baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kwenye kisahani.

Majani kulegea kunachanganya, kwa sababu kiu na maji mengi hufanana. Nyanyua chungu. Kikiwa chepesi na udongo umeachana na kingo, ni kiu, na majani yatasimama tena baada ya kumwagiliwa. Kikiwa kizito, kina harufu ya uvundo na majani ya chini ni manjano, mizizi imeanza kuoza. Hapo itoe, kata mizizi yote ya kahawia inayobonyea, ipande kwenye udongo mpya.

Hatua ya 4: Joto na unyevu wa hewa

Nyuzi 18 hadi 29 za Selsiasi zinaifaa. Chini ya 15 huanza kupukutika. Iepushe na upepo wa moja kwa moja wa kiyoyozi. Kunyunyizia majani maji kunapendwa sana na kunasaidia kidogo sana, maana unyevu hukauka upesi. Afadhali kukusanya mimea pamoja au kutumia mashine ya unyevu.

Hatua ya 5: Udongo, chungu na mbolea

Changanya sehemu 2 za udongo wenye mboji, 1 ya nyuzi za makumbi ya nazi na 1 ya perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkeno) au mchanga wa chembe kubwa. Badilisha chungu kila baada ya miaka miwili hivi, kipya kiwe kipana kwa sentimita 3 hadi 5 tu. Kikubwa mno hubaki na maji ambayo mizizi haiwezi kuyanywa. Mbolea ya maji yenye uwiano sawa wa naitrojeni, fosforasi na potasiamu, nusu ya kipimo cha kwenye chupa, mara moja kwa mwezi mmea unapokua. Ukiacha kukua, pumzisha.

Hatua ya 6: Kupogoa na kuotesha

Vaa glavu, kwani utomvu mweupe huwasha ngozi na hutia madoa kwenye nguo. Kula majani kunadhuru pia, kwa hiyo weka mbali na watoto na wanyama.

Kata ncha yenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya fundo (mahali jani linapoota kwenye shina). Ichovye kwenye maji ya vuguvugu mpaka utomvu ukome, bakiza majani matatu au manne ya juu, chomeka kwenye mchanganyiko wenye unyevu na ufunike kwa mfuko angavu. Kwenye joto la nyuzi 24 hivi, mizizi huchukua wiki 4 hadi 6. Jani tupu lisilo na kipande cha shina linaweza kutoa mizizi na kukaa zuri miezi mingi, ila halitachipua kamwe. Usidanganyike nalo.

Hatua ya 7: Geuza majani kila wiki

Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, pande zote mbili. Ukiona vidoa vidogo kama vumbi la chaki na utando mwembamba kwenye makwapa ya majani, ni utitiri, anayependa hewa kavu. Tenga mmea, uoshe bafuni ukielekeza maji chini ya majani, kisha pulizia mililita 5 za sabuni laini ya maji katika lita 1 ya maji, ukianza kwa kujaribu jani moja. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara tatu, kwa sababu sabuni huua utitiri inaowagusa lakini mayai mengi hubaki.