Somo: Kuiamuru skrini ya herufi ya 16x2 bila maktaba

Habari zenu wanajamvi. Wengi wenu mmeshaandika neno kwenye skrini hii ya mistari miwili kwa maktaba ya Arduino, yaani kodi iliyoandikwa tayari na wengine. Ni sawa, ila siku skrini ikigoma, aliyezoea maktaba peke yake hana pa kushika. Leo tunaiamuru wenyewe, baiti kwa baiti. Nyingi kati ya skrini hizi hufuata amri za kidhibiti cha Hitachi HD44780, kwa hiyo ukiijua moja umezijua karibu zote.

1. Waya. VSS iende hasi, VDD volti 5. V0, inayorekebisha ukolezo wa herufi, iende mguu wa kati wa potenshiometa ya kilo-omu 10. Miguu yake ya pembeni, mmoja volti 5, mwingine hasi. RW iende hasi, maana tunaandika tu, hatusomi. RS, E na D4 hadi D7 ziende Arduino. D0 hadi D3 ziache wazi. A na K ni za taa.

Washa, zungusha potenshiometa. Ukiona visanduku vyeusi mstari wa juu na wa chini mtupu, furahi: skrini ni nzima, inasubiri amri.

2. RS ndiyo mlango. RS ikiwa 0, baiti ni amri. Ikiwa 1, ni herufi. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Tuseme unatuma K, ambayo ni 0x4B (0x maana yake namba imeandikwa kwa msingi wa 16). Kwa kuwa tuna nyaya nne tu za data, tunaigawa: kwanza 4 (0100), unapandisha E na kuishusha, kisha B (1011), unarudia. Skrini huchukua data pale E inaposhuka. Kwenye kodi hii, `nyaya` ni orodha ya pini za Arduino zilizoshika D4 hadi D7, kwa mpangilio huo.

```
void nusu(byte n) {
  for (int i = 0; i < 4; i++)
    digitalWrite(nyaya[i], (n >> i) & 1);
  digitalWrite(pinE, HIGH); delayMicroseconds(1);
  digitalWrite(pinE, LOW);  delayMicroseconds(50);
}
void tuma(byte b, bool rs) {
  digitalWrite(pinRS, rs);
  nusu(b >> 4); nusu(b & 15);
}
```

3. Kuiamsha. Subiri milisekunde 50 baada ya kuwasha. Tuma `nusu(3)`, subiri 5; `nusu(3)`, subiri 1; `nusu(3)`, kisha `nusu(2)`. Tatu mara tatu si mapambo: hujui skrini iko katika hali gani, na marudio hayo huirudisha kwenye biti 8 kwa hakika, ndipo 2 inaipeleka kwenye biti 4. Baada ya hapo, RS ikiwa 0: 0x28 (mistari miwili), 0x0C (washa, ficha kasa, yaani alama ya mahali herufi ijayo itakapoandikwa), 0x06 (kasa isogee kulia), 0x01 (futa yote).

Baada ya 0x01 subiri milisekunde 2. Amri nyingi humalizika kwa mikrosekunde 37 hivi, lakini kufuta huchukua milisekunde 1.52. Mimi niliwahi kuandika KARIBU DUKANI ikatoka ANI tu. Nilikagua waya jioni nzima, kumbe herufi za mwanzo zilifika skrini ikiwa bado inafuta.

4. Mahali pa kuandika. 0x80 ni mwanzo wa mstari wa kwanza, 0xC0 wa pili. Unataka nafasi ya sita chini? 0xC5.

Maswali ya wanachama

*Fundi, sentensi yangu ndefu imekatika, haikushuka chini. Kwa nini?*
Kumbukumbu ya kila mstari ina nafasi 40, wewe unaona 16. Herufi zako zipo, zimejificha kulia. Tuma 0x18 zisogee kushoto, au tuma 0xC0 kabla ya kuendelea.

*Mwalimu, "ng'ombe" inatoka na alama ya ajabu katikati.*
Bila shaka uliandika kwa simu. Simu huweka kiritifaa kilichopinda, ambacho ni baiti tatu, na skrini inajaribu kuchora zote. Futa, weka kile kilichonyooka, 0x27.

*Yangu ina kibao nyuma chenye nyaya nne tu. Somo hili linanihusu?*
Linakuhusu sana. Hicho kina chipu ya PCF8574, inayopokea data kwa nyaya mbili (mtindo wa I2C) na kuigawa kwenye miguu yake P0 hadi P7; anwani yake mara nyingi 0x27, au 0x3F kama ni PCF8574A. Kwa kawaida P0 ni RS, P1 RW, P2 E, P3 taa, na P4 hadi P7 ni D4 hadi D7. Badilisha `nusu` na `tuma` tu. Amri ni zilezile.