Kuamsha amplifaya ya kuchomeka iliyolala miaka mingi

Hapa Mtwara hewa ya bahari hula vifaa haraka kuliko umri. Amplifaya yangu ya Tektronix, ya ukoo wa TM 5000 unaopokea amri za kompyuta kwa GPIB (waya wa kuunganisha vifaa vya kupimia na kompyuta), niliipata kwenye mnada wa vifaa chakavu. Nilipoichomoa kwenye fremu, yaani kasha linaloibeba na kuipa umeme, meno ya dhahabu ukingoni mwa bodi yalikuwa yameota ukungu wa kijani. Ningeiwasha siku ile, ningeilaumu bure.

Hatua ya 1. Usiwashe. Futa meno kwa kitambaa laini chenye isopropano (alkoholi ya kusafishia) mpaka kitambaa kitoke cheupe. Msasa hapana! Dhahabu ile ni utando tu. Ukiukwangua, shaba inabaki uchi na kusi ikivuma inarudi kijani. Soketi ya ndani ya fremu isafishe kwa kadi ngumu iliyovikwa kitambaa hichohicho. Acha ikauke kabisa, maana isopropano inashika moto.

Hatua ya 2. Tazama fremu imepangwa volti ngapi. Zilizotoka Marekani huwa kwenye 115, na umeme wetu ni 230. Ukibadilisha volti, badilisha na fyuzi.

Hatua ya 3. Umeme ukiwa umezimwa, pima omu kati ya kila njia ya umeme na ardhi. Ukisoma omu moja au mbili, shuku kapasita za tantalamu. Za zamani zina tabia ya kupiga shoti.

Hatua ya 4. Washa fremu tupu kupitia balbu ya filamenti ya wati 60 iliyoungwa kwa mfululizo. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, vema. Iking'ang'ania kuwaka, zima, kuna shoti. Moduli, yaani kifaa cha kuchomeka kama hii amplifaya, ichomekwe fremu ikiwa imezimwa, kila mara.

Hatua ya 5. Jaribu kwa vitufe vya mbele kabla ya kompyuta. Ingiza wimbi dogo la 1 kHz, pita ngazi za ukuzaji moja moja huku ukitazama osiloskopu, kifaa kinachochora wimbi kwenye kioo. Hapa usiharakishe, mimi nilimaliza jioni nzima. Ngazi moja ikikataa na nyingine zikikubali, kosa liko kwenye swichi au rilei ya ngazi hiyo, bodi nzima usiiguse.

Ndipo uunge GPIB: kila kifaa na anwani yake, vifaa visizidi 15, waya wote kwa jumla usipite mita 20.

MASWALI

Shikamoo fundi. Niko Nachingwea. Moduli yangu ya TM 5000 haitaki kuingia kwenye fremu ya TM 500, ukoo uliotangulia. Niisukume?

– Marahaba. Usiisukume, mwanangu, utavunja soketi. Za TM 500 huingia kwenye fremu ya TM 5000, ila kinyume chake haiwezekani. Tafuta fremu yake.

Kaka, kila kitu kinafanya kazi kwa mkono, lakini nikituma *IDN?, amri ya kukiuliza kifaa jina lake, kimya. Waya nimebadilisha mara mbili.

– Waya wako mzima, kaka. Amri hiyo ilikuja na IEEE 488.2, kanuni ya lugha ya GPIB, mwaka 1987, na vifaa hivi vina lugha yake ya kabla ya hapo. Tuma ID? bila nyota, kitajitaja.