Jinsi ya kusoma Mswada wa Fedha mapema

Mswada wa Fedha, ule unabadilisha kodi hapa Kenya, huletwa bungeni kufikia mwisho wa Aprili, kwa hivyo usingoje Juni. Toa kwa tovuti ya bunge, na usianze mwanzo, ruka hadi kurasa za nyuma penye maelezo ya malengo na sababu, halafu tafuta vitu unanunua kila siku, mkate, mafuta, bando. Mwaka wa 2023 kodi ya VAT ya mafuta ya gari ilitoka 8% hadi 16% na ikatuumiza, hiyo kwangu ilikuwa dhuluma kwa mtu wa matatu. Sasa andikia karani wa Bunge la Taifa: taja kifungu, eleza kinakuumiza aje na unataka kiwe vipi. Katiba, kifungu cha 118, inataka usikizwe. Ukiwa tao, peleka mwenyewe Majengo ya Bunge, na kopi wakugongee muhuri.