SOMO: Programu moja ya Windows, Linux, Mac na Android kwa HTML na JavaScript (Tauri)

Wakuu, nimechoka kujibu swali la "natengenezaje programu moja ya mifumo yote?" inboksi, kwa hiyo naliweka hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

Natumia Tauri, zana ya kugeuza kurasa za HTML na JavaScript kuwa programu kamili. Ni toleo la 2, lililotoka rasmi Oktoba 2024. Ndilo lililoleta uwezo wa kutengeneza programu za simu. Mafunzo ya toleo la 1 bado yamejaa mtandaoni na yatakupoteza, hasa kwenye ruhusa.

1. Sakinisha lugha ya Rust kwa kisakinishi chake rustup, kisha Node.js (ndiyo inayokupa amri ya npm). Wenye Linux ya Debian na jamaa zake waongeze maktaba ya brauza, libwebkit2gtk-4.1-dev.

2. npm create tauri-app@latest. Jibu maswali. Hujui uchague nini? Chagua JavaScript tupu.

3. npm install, halafu npm run tauri dev. Mara ya kwanza inakawia kwa sababu Rust inakompaili kila kitu (inakigeuza kiwe lugha ya mashine). Haijakwama, iache.

4. Kitambulisho. Hapa punguza mwendo.

Fungua src-tauri/tauri.conf.json, tafuta "identifier". Ni kamstari kamoja tu, na mimi nilikapita nikaandika com.jaribio.daftari, nikijua nitakuja kukabadilisha. Nikatengeneza daftari la madeni, watu wakalisakinisha, wakajaza. Siku natoa toleo la pili nikaona jina "jaribio" linaniaibisha, nikaweka jipya. Jioni simu ikaanza kuita: "Umefuta madeni yangu yote." Sikufuta kitu. Folda ya data inaitwa kwa kitambulisho hicho. Kwenye Windows, ndani ya AppData\Roaming, folda mbili zilikuwa zimekaa jirani: ya zamani imejaa, mpya haina kitu, na programu inaangalia mpya. Kwenye Android ni balaa lingine: kitambulisho kipya ni programu nyingine kabisa, kwa hiyo mtu anakuwa na ikoni mbili zinazofanana na hajui ipi ni ipi.

Nililala saa tisa usiku nikiandika kodi (msimbo wa programu) ya kuhamisha data: programu ikiwaka, ikikuta folda mpya tupu na ya zamani ipo, inakili. INAKILI, haihamishi. Ya zamani usiiguse mpaka mwenyewe aseme ameona vyake vyote.

Kwa hiyo amua leo. Tumia kikoa chako (domain) ukikigeuza nyuma mbele. Usiweke kistari, Android haikipendi. Usimalizie na .app, kwa sababu Mac inatumia mwisho huo kwa vifurushi vya programu. Na com.tauri.dev usihangaike nayo, itakataliwa ukifika hatua ya 7.

5. Ruhusa. Ukiongeza plugini (kiongezi cha uwezo mpya) na ukaambiwa "not allowed", fungua src-tauri/capabilities/default.json uiandike humo, mfano "dialog:default" kwa dirisha la kuchagua faili.

6. Simu. Sakinisha Android Studio pamoja na SDK na NDK (vifaa vya kujengea programu za Android), weka vigeu vya mazingira JAVA_HOME, ANDROID_HOME na NDK_HOME. Kisha npm run tauri android init, halafu npm run tauri android dev. iPhone bila Mac yenye Xcode, sahau.

7. npm run tauri build. Ya Windows ijenge kwenye Windows, ya Mac kwenye Mac.

MASWALI

Kibuyu_Wazi: Mkuu kwangu haikubali.

Jibu: Nini haikubali? Hatua ipi? Bandika kosa lenyewe.

Kibuyu_Wazi: Inasema NDK haionekani.

Jibu: Hatua ya 6, sentensi ya kwanza.

Nahodha99: Sasa si bora Electron? Inajulikana zaidi.

Jibu: Itumie, hakuna aliyekushika mkono. Electron, zana ya kazi hii hii, inabeba brauza ya Chromium nzima na Node.js ndani ya kila programu, ndiyo maana faili lake ni zito. Faida yake ni kwamba unajua brauza utakayokutana nayo. Tauri inaazima ya mfumo, na hapo ndipo inapopata wepesi.

Mdadisi_wa_Kodi: Kaka, samahani kwa swali refu. Kwangu Windows iko sawa, ila kwenye Mac ya zamani inafunguka nyeupe tupu, hata kitufe hakuna. Je, ni huko kuazima brauza?

Jibu: Swali zuri, na umeshalijibu nusu. Windows ni WebView2, yaani injini ya Chromium. Mac ni WebKit, na Linux ni WebKitGTK. Ukurasa mweupe mtupu mara nyingi ni faili la JavaScript lililoshindwa kusomeka lote kwa sababu ya herufi chache. Tafuta (?<= au (?<! kwenye regex zako (vielezo vya kutafutia maandishi). Chromium inazijua tangu 2017, Safari imezipata toleo la 16.4, Machi 2023. Mac iliyobaki nyuma ya hapo inalitupa faili zima. Zana za kugeuza kodi ieleweke na brauza za zamani hazitakuokoa hapa, iandike regex upya. Na ujaribu kwenye Mac hiyo hiyo nzee, usiiuze.

Mdadisi_wa_Kodi: Ilikuwa (?<= moja, kwenye kukagua namba ya simu. Asante sana kaka.

Chipukizi_Mpya: Naomba kodi yote ya hilo daftari.

Jibu: Hapana.

Bi_Terminali: Nyongeza kwa wenye wateja wasio na intaneti: kisakinishi cha Windows kwa kawaida hupakua WebView2 kikiikosa. Windows 11 inakuja nayo. Kwa mashine za zamani weka mpangilio wa webviewInstallMode uwe offlineInstaller, ila faili litanenepa kwa takriban MB 127.

Jibu: Dada, hilo lilistahili kuwa hatua yake. Wepesi wote unaishia hapo, lakini kwa mteja asiye na mtandao sioni njia nyingine.

Bi_Terminali: Basi rudisha wepesi kidogo kwenye Cargo.toml (faili la mipangilio ya Rust), chini ya [profile.release]: opt-level = "s", lto = true, strip = true.

Jibu: Ya strip sikuwa nayo. Nimeijaribu sasa hivi pamoja na lto, kujenga kunachukua muda mrefu kuliko mwanzo, ila naiacha.